Njaa Haingojei Mapatano



Katika mkutano uliopita wa wajumbe wa matawi liliwekwa mezani shauri moja ambalo limeleta maneno mengi kuliko hata shauri la kupandisha ada. Tawi moja limeomba chama chetu kiwe na ghala lake la chakula. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, au alete chakula cha thamani hiyo, na kinachokusanywa kiwekwe mahali pamoja. Mwenzetu aliyeachishwa kazi, au aliyeumia kazini na fidia yake bado inazunguka maofisini, au yule ambaye mshahara wake umecheleweshwa mwezi wa pili sasa, apate kitu cha kuinjika jikoni. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Tumepokea barua za kuunga mkono na barua za kupinga, na zile za kupinga ndizo zilizoandikwa kwa ufundi zaidi; tunakiri.

Wanaopinga wanasema hivi. Chama cha wafanyakazi si kanisa, wala si msikiti, wala si Msalaba Mwekundu. Kazi yake ni kudai mshahara na kulinda kazi. Tukianza kugawana unga, tajiri atacheka, maana tutakuwa tunamlishia watu wake kwa mfuko wetu wenyewe. Ndugu mmoja ameandika kwamba anayempa mfanyakazi unga leo anampunguzia nguvu ya kudai kesho.

Hayo si maneno ya kipuuzi, na hatutayajibu kama maneno ya kipuuzi. Sisi tumeamua kuunga mkono shauri la ghala. Lakini kabla ya kueleza kwa nini, twataka wanachama wajue kazi ya namna hii ilianza wapi, ilikuaje, na mahali gani ilipotea njia, kwa sababu wenzetu wa ng'ambo wameifanya kwa zaidi ya nusu karne, na si busara sisi kuanza kama vipofu.

Ilianza mwaka 1967 katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, kule Marekani. Ni nchi ya jangwa, lakini maji ya mifereji yameifanya iote michungwa na mibalungi hata katika nyua za nyumba za watu. Mtu mmoja, John van Hengel, alikuwa akijitolea katika jiko la kulisha maskini. Aliona matunda yakioza chini ya miti na huku jikoni kitu ni kichache, akaenda kuomba, akachuma, akaleta. Kisha akakutana na mama mmoja mwenye watoto 10, ambaye mumewe alikuwa kifungoni. Mama huyu aliwalisha watoto kwa vitu vilivyotupwa nyuma ya duka: mboga zilizonyauka kidogo, mikebe iliyobonyea, mikate ya jana. Yasimuliwa kwamba ndiye aliyesema pangefaa kuwa na mahali pa kuweka chakula ambacho wenyewe hawakitaki, na wanaohitaji waje kukichukua, kama watu wanavyoweka na kutoa fedha benki. Ndipo likatoka jina la benki ya chakula. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, maana watu husahau: wazo lilitoka kwa mwenye njaa, halikutoka kwa mwenye duka.

Kanisa la Mtakatifu Maria mjini hapo likampa van Hengel jengo la zamani la kuokea mikate lililokuwa halitumiki, pamoja na dola 3,000. Mwaka wa kwanza walitoa chakula cha ratili zipatazo 250,000, ndiyo kusema tani mia moja na kidogo. Miji mingine ikaja kujifunza. Mwaka 1979 ukaundwa mtandao wa benki hizo ukaitwa Second Harvest, na tangu mwaka 2008 waitwa Feeding America. Leo una benki za chakula zipatazo 200, kila moja ikishika sehemu yake ya nchi.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Benki ya chakula ni kama duka la jumla. Lori lake hupita kwa wakulima, viwanda na maduka makubwa kuchukua chakula kizuri ambacho hakitauzika, kwa sababu karatasi ya mkebe imechanika au karoti zimepinda. Huletwa ghalani, hukaguliwa, hupimwa, huandikwa. Kisha wenye majiko ya makanisa, shule na vikundi vya mitaa huja na orodha zao na kuchukua, nao ndio hukifikisha kwa mlaji. Benki nyingi zilianza kwa jokofu moja na kufikia maghala makubwa kama ya bandarini. Fedha za mafuta ya lori, umeme wa majokofu na mishahara ya watunza ghala hutoka kwa watu: michango ya makanisa, mbio za hisani, masanduku madukani, na barua zinazoomba dola tano, dola kumi. Watunza ghala wa kule husema fedha huwafaa kuliko mkebe, maana wao hununua kwa bei ya jumla. Tutalikumbuka neno hili tukifika kwenye shilingi 50 zetu.

Sasa tuje kwa wafanyakazi, maana hapa ndipo penye somo.

Chama cha wapeleka barua wa Marekani, kinachojulikana kwa herufi NALC, kina siku yake moja kwa mwaka ya kukusanya chakula, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Mei. Walijaribu kwanza katika miji 10 mwaka 1991. Halafu wakawauliza wenye benki za chakula ni mwezi gani maghala huwa matupu, wakajibiwa kwamba ni karibu na Mei, kwa sababu vyakula vya ukarimu wa Krismasi vimekwisha na watu wameshasahau. Basi wakachagua Mei. Tarehe 15 Mei 1993 matawi zaidi ya 220 yalitoka, na kwa siku moja wakakusanya zaidi ya ratili milioni 11, kama tani 5,000. Kufikia mwaka 2010 jumla ya miaka yote ilikuwa imepita ratili bilioni moja. Mwenye nyumba huacha mfuko wa chakula kando ya sanduku lake la barua, na mpeleka barua anayepita njia ile kila siku huuchukua pamoja na barua. Hakuna aliyelazimika kununua gari jipya wala kujenga ofisi mpya. Walitumia njia ambazo miguu yao ilikuwa inazijua tayari, na chakula kilichotoka mtaani kilibaki kwa watu wa sehemu hiyo hiyo.

Ni nani aliyekuwa rais wa chama kile siku hizo? Ni Vincent Sombrotto. Wazee wa vyama vya wafanyakazi wanalijua jina hili kwa sababu nyingine. Mwezi wa Machi 1970 Sombrotto alikuwa mpeleka barua wa kawaida mjini New York. Mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 6,176 kwa mwaka, na ilimchukua mtu miaka 21 kufikia dola 8,442. Baadhi ya wapeleka barua wa New York, watu wenye kazi ya serikali na sare ya serikali, walikuwa maskini kiasi cha kustahili msaada wa serikali. Sheria ilikataza mgomo. Viongozi wa juu wa chama hawakuutaka. Wanachama wakapiga kura wakatoka, na Sombrotto alikuwa mmoja wa walio mbele. Wapatao 200,000 waliacha kazi nchi nzima, na Rais Nixon akaleta askari katika posta za New York kupanga barua, kazi ambayo askari hawakuiweza. Baada ya siku nane mgomo ulikwisha. Mshahara ukapandishwa, na ile miaka 21 ikakatwa ikawa 8.

Mtu yule yule aliyetoka barabarani mwaka 1970 kwa sababu mshahara haukutosha chakula, ndiye miaka 20 na zaidi baadaye aliyesimamia chama chake kikikusanya chakula kwa ajili ya wengine. Hatudhani kwamba alikuwa amezeeka na kulainika. Twaona ya kwamba alijua kitu ambacho barua za kupinga hazijakijua, nacho ni kwamba mkono wa kudai na mkono wa kutoa ni wa mwili mmoja.

Hata hivyo, tusizifiche aibu za kazi hii.

Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa ili kampuni itoayo chakula kwa maskini ipate nafuu ya kodi. Lilikuwa jambo jema kwa upande wa kujaza maghala. Lakini tangu hapo kampuni kubwa zimekaa karibu sana na benki za chakula, zikatoa malori yenye majina yao na wakubwa wao wakakaa katika kamati. Andrew Fisher, aliyefanya kazi hizi kwa miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 2017, Big Hunger, akaonyesha jinsi urafiki huo ulivyofanya benki nyingi kunyamaza juu ya mshahara. Mwenye kukupa lori ni vigumu kumwuliza anamlipa dereva wake kiasi gani.

Mwezi wa Novemba 2013, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, duka moja kubwa liliweka masanduku mahali pa wafanyakazi, na maandishi yakiwaomba wafanyakazi watoe chakula ili wenzao wa duka lile lile wapate mlo wa sikukuu. Habari ilienea nchi nzima. Wenye duka walisema hiyo ni alama ya upendo kati ya wafanyakazi. Sisi hatubishani juu ya upendo. Twauliza tu, mfanyakazi wa duka la chakula anakosaje chakula?

Mwezi wa Oktoba 2020 ofisi ya ukaguzi ya serikali ile ilitoa taarifa juu ya watu wazima wenye mshahara waliokuwa wakipokea msaada wa chakula wa serikali. Wapatao 70 katika kila 100 walifanya kazi saa 35 au zaidi kwa wiki. Hawa si wavivu. Na kiwango cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimesimama dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Wizara ya Kilimo ya kule ilihesabu kwamba mwaka 2023 asilimia 13.5 ya nyumba hazikuwa na hakika ya chakula, na humo waliishi watu zaidi ya milioni 47. Yaani benki za chakula zimekua kutoka jengo moja la mikate hadi 200, na foleni bado ipo. Mwezi wa Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kazi, nyumba zipatazo 10,000 zilijipanga siku moja mjini San Antonio, Texas, kungoja chakula, na magari yalijaza uwanja mpaka picha yake ilichukuliwa kutoka angani. Baadhi yetu walioiona waliuliza mwenye gari anakosaje chakula. Jibu ni kwamba gari hununuliwa kwa deni, na kule bila gari hufiki kazini.

Kwa hiyo ghala likikua, hiyo pekee si dalili ya ushindi. Ghala linalojaa kila mwaka na foleni inayorefuka kila mwaka ni hesabu ambayo mtu lazima aisome pande zote mbili.

Na kwetu je? Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Mwezi wa Julai 2011, picha za Turkana zilipoonyeshwa, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na makampuni na vyombo vya habari walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lilipitwa. Wengi walituma kwa simu, na hata aliyekuwa na shilingi 10 alipokelewa. Vibarua wa viwandani walituma. Mama mboga walituma. Lakini kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa kufuatana, na mwishoni mwa mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 4 wa kaunti kavu walihitaji chakula tena. Mchango ule wa 2011 uliokoa watu, na hatutasema neno baya juu yake. Ila mchango wa siku moja hauna ghala, hauna daftari, na ukiisha umeisha.

Kuna na ile harambee tunayoijua sote, ya hema na kipaza sauti, ambapo mkubwa hufika saa nane kwa mkutano wa saa nne, akasoma kiasi chake na cha rafiki zake, na mwenye shilingi 100 akatoa kimya nyuma ya umati. Hatutaki ghala la namna hiyo.

Benki za chakula zimekwisha kuingia nchini mwetu. Food Banking Kenya ilianzishwa mwaka 2017 jijini Nairobi, nayo huchukua mboga na matunda mashambani ambayo yangetupwa kwa kukosa soko, ikapeleka kwa shule na makao ya watoto. Kazi ipo ya kutosha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni pale Gigiri, lilikadiria mwaka 2021 kwamba chakula kinachotupwa majumbani Kenya ni kama kilo 99 kwa kila mtu kwa mwaka. Wengi wenu mtasema, kilo 99 hizo ni za nani, maana kwangu hata ukoko wa ugali hugombaniwa. Ni kweli. Wastani huchanganya nyumba ya Muthaiga na chumba cha Mukuru.

Kiwango cha chini cha mshahara kilipopandishwa kwa asilimia 6 mwezi wa Novemba 2024, kibarua wa kawaida wa Nairobi alifikia shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Gawanya kwa siku 30, ni shilingi 537. Toa nauli ya kwenda na kurudi. Toa ada ya mtoto, maji ya mtungi, makaa au gesi. Kila mama anayesoma karatasi hii ameshaimaliza hesabu hiyo kabla yetu, na hiyo ni hesabu ya yule anayelipwa kwa sheria. Wako wasiolipwa hata hicho.

Sasa tuwarudie ndugu zetu wanaopinga.

Wazee wetu walioajiriwa katika mashamba ya walowezi walijua posho. Mtu alipimiwa unga wa mahindi, na unga ule ukahesabiwa kama sehemu ya ujira wake. Aliyeshika debe ndiye aliyeshika mtu. Ukimkasirisha bwana, posho ilipungua. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi vilipigania pesa mkononi, na ndiyo maana hata Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mshahara ulipwe kwa pesa za Kenya. Kwa hiyo twaelewa sana mwanachama mzee anaposhtuka akisikia neno unga na neno chama katika sentensi moja.

Lakini posho ilikuwa unga wa tajiri. Ghala linaloombwa ni unga wa mwenzako. Na anayesema kwamba mtu mwenye njaa ana nguvu zaidi ya kudai, hajapata kukaa katika mgomo wa siku nyingi. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulichukua siku 12. Siku ya kwanza kila mtu ni shujaa. Siku ya tisa mama anauliza, na mtoto analia, na mwenye duka amefunga daftari la mkopo. Wengi wanaorudi kazini kabla ya wenzao hawakununuliwa na tajiri. Waliitwa na sufuria tupu. Tajiri analijua hili, naye huvuta mazungumzo kwa makusudi, leo hayupo, kesho wakili wake mgonjwa. Ghala la chama lingeyafupisha magonjwa ya wakili.

Tena si mgomo tu. Mwenzetu aliyeachishwa kazi bila haki hungoja kesi yake miezi, pengine miaka. Anapoletewa makaratasi ya kukubali kidogo na kunyamaza, hutia sahihi kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Tumeona sahihi hizo, na tumeshindwa kumlaumu aliyetia.

Hata hivyo, ghala halitafaa kama litaendeshwa jinsi sisi wenyewe tulivyofanya wakati mmoja, na hapa lazima tujilaumu. Wakati wa korona kamati yetu ilinunua unga, mafuta na sukari kwa ajili ya wanachama waliosimamishwa kazi. Tuliwaita ukumbini, tukasoma majina kwa sauti, na kila mmoja akapita mbele akapokea mfuko wake huku picha ikipigwa. Tulidhani tunafanya mambo wazi ili pasiwe na wizi. Dada mmoja aliyekuwa na watoto watatu hakuja. Mfuko wake ulibaki mezani, na baadaye tukasikia kwamba alifika mpaka mlangoni, akaona kamera, akarudi. Alikuwa amelipa ada ya chama miaka 11. Mfuko ule ulikuwa haki yake, nasi tuliufanya sadaka.

Na kosa la pili. Kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, kilitupa magunia ya unga kwa ajili ya mgao ule, tukashukuru kwa barua. Mwaka uliofuata, mezani kwenye mazungumzo ya mshahara, barua yetu ya shukrani ilitolewa kutoka kwenye faili na kusomwa kama ushahidi wa jinsi wafanyakazi wanavyotunzwa. Katibu wetu alikosa la kusema.

Basi twaunga mkono ghala, ila kwa namna hii. Chakula kitoke kwa wanachama, na kwa wakulima na vyama vya ushirika tukiweza kupatana nao bei. Tajiri anayetaka kutoa asikataliwe kwa matusi, lakini aelekezwe kwa benki za chakula za umma. Kwetu atoe mshahara. Mwanachama mwenye shida aende kwa mtunza ghala au mjumbe wa tawi, apokee kimya, na jina lake lisitoke pale. Hakuna kamera. Hakuna hotuba. Daftari la fedha na la stoo likaguliwe kila miezi mitatu na watu wawili wasio wa kamati, na hesabu ichapishwe katika karatasi hii, gunia kwa gunia.

Fedha ziwe nyingi kuliko vyakula, kwa sababu ile ile wanayoisema wa kule. Kilo moja moja za unga za rangi kumi, nyingine zimekaribia tarehe yake, ni kazi ngumu kuziweka. Na hasa tusipokee mahindi ya gunia kutoka kwa mtu yeyote bila kupimwa unyevu. Mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 huingia kuvu, na kuvu ile huleta sumu isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, na wengi walikuwa wamekula mahindi yaliyowekwa nyumbani kwao wenyewe. Stoo iwe na sakafu kavu, mbao za kuinua magunia, madirisha ya hewa, na mtunza stoo anayelipwa. Mtu wa kujitolea ni mwema, lakini panya hafanyi kazi kwa zamu ya Jumamosi tu. Na anayelipwa alipwe vizuri. Itakuwa kichekesho ghala la wafanyakazi likiwa na mfanyakazi wa kulisha.

Jambo la mwisho ndilo tunalolishikilia zaidi. Kila mfuko unaotoka uandikwe sababu yake, bila jina: mshahara umecheleweshwa, ameachishwa, ameumia, analipwa chini ya kiwango. Na mahali pa kazi paandikwe. Mwisho wa mwaka hesabu hiyo isiwekwe kabatini. Iende mezani pamoja na madai yetu. Tajiri akisema kampuni yake inalipa vizuri, katibu afungue daftari na kumsomea kwamba kutoka kiwanda chake, katika miezi 12, mifuko kadhaa ilitoka ghalani kwa watu walio kazini, si walioachishwa, na atamwuliza nani alimaliza mshahara wao kabla ya tarehe 20. Benki nyingi za ng'ambo zina hesabu ya ratili zilizotolewa na hazina hesabu hii. Sisi tuwe nayo tangu mfuko wa kwanza. Na ikiwa mwaka mmoja ghala litatoa mifuko michache kuliko mwaka uliotangulia kwa sababu mapatano yamekwenda vizuri, tutaandika habari hiyo katika ukurasa wa kwanza.

Ndugu anayepinga kwa ufundi, aliyeandika juu ya nguvu ya kudai, tunamwomba aje mkutanoni na asimame kuisema hoja yake. Akiibadilisha rasimu yetu ikawa bora, hatutaona haya.

Rasimu ya kanuni za ghala imeambatishwa nyuma ya karatasi hii, ukurasa wa 6. Matawi yaisome na kuijadili kabla ya mwisho wa mwezi. Kila mjumbe aje na idadi tu, bila majina, ya wanachama wa tawi lake walioachishwa kazi tangu Januari na ya wale ambao mishahara yao imecheleweshwa. Mkutano utaanza saa tatu asubuhi, na shauri la ghala litakuwa la kwanza, kabla ya ripoti ya mweka hazina.